Droo ya Ukuta wa Stesheni

Bi Droo alianza kumshuku mkwe wake mtarajiwa siku alipokuta mlango wa chumba cha picha umefungwa kwa ndani.

Akabisha. Kimya. Akabisha tena, safari hii kwa ngumi.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Nani nani? Mwenye chumba!"

Ufunguo ukazunguka polepole. Kijana akatokeza uso, miwani imepandishwa kwenye paji, mikononi glavu nyeupe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tangu lini tunajifungia humu?"

"Vumbi, mama. Skana haipendi vumbi."

"Na vumbi lenyewe ni mimi?"

Kijana akacheka, lakini kicheko kiliishia mdomoni. Bi Droo akaingia, akazungusha macho chumba kizima kama mtu aliyenusa kitu kinaungua. Makabati ya chuma yalikuwa palepale ukutani, na meza ya kioo yenye taa ndani ilikuwa inawaka. Kando yake skana mpya ilikuwa inanguruma, imefunikwa kitambaa. Kwa nini mashine ifunikwe kitambaa ilhali inafanya kazi? Hakuuliza. Alilimeza lile swali, likakaa kifuani.

Chumba kile kilikuwa ndani ya maktaba ya chuo cha sanaa, na Bi Droo alikuwa akifanya kazi humo tangu akiwa msichana. Makabati yalijaa slaidi, vipande vidogo vya filamu ya rangi, kila kimoja kimebanwa kati ya vioo viwili kwenye fremu inayokaa kiganjani. Mhadhiri akitaka kufundisha, anachukua slaidi zake, anazipachika kwenye projekta, na picha inajaa ukuta mzima wa darasa. Wanafunzi walimpa jina la Bi Droo kwa sababu ya kelele zake: "Droo! Wewe mwenye shati la mistari, funga droo!" Jina lake la kuzaliwa walilijua watu wa mishahara tu.

Sasa chuo kilitaka picha zote ziingie kwenye kompyuta. Ikanunuliwa skana, na huyu kijana akaajiriwa kuiendesha. Wanafunzi hawakuchelewa, naye wakamwita Skana. Alikuwa mpole, mwembamba, mwenye kusalimia hadi paka wa getini. Na kabla mashine haijazoeleka, yeye alishazoeana na Kitinda.

Kitinda alikuwa binti wa mwisho wa Bi Droo. Aliuza miwani kwenye duka lililo ng'ambo ya barabara, na mchana alivuka kuja kula na mama yake. Ghafla vyakula vikaanza kuletwa vya watu watatu. Bi Droo hakuwa mjinga, aliona, akanyamaza, akafurahi. Wazazi wa pande zote mbili walishakutana na kukubaliana, ilibaki kupanga siku tu. Majirani walishachoka kusikia habari za mkwe wa kompyuta.

Ndiyo maana ule mlango ulimkera. Mtu anayeoa kwako akianza kujifungia, unajiuliza anafungia nini.

Akaanza kukumbuka mambo. Mwezi uliopita alikuja mnunuzi, bwana mmoja wa suti iliyonyooshwa mpaka inakata, akitaka slaidi za ukuta wa stesheni. Ukuta huo walimu wa kwanza wa chuo waliuchora pamoja na wanafunzi wao kwenye stesheni ya zamani ya treni. Stesheni ikabomolewa, ukuta ukageuka kifusi, na duniani kote zikabaki slaidi za droo moja tu. Mkuu wa maktaba alimjibu yule bwana kwamba hawauzi. Lakini akiwa anashuka ngazi, mnunuzi alisimama na Skana, wakateta, na Bi Droo aliona kwa macho yake kadi ikitoka mfukoni mwa suti na kuingia mfukoni mwa kijana.

Siku ile hakutilia maanani. Sasa kadi ile ikaanza kumwasha kama upupu.

Kesho yake akaingia chumbani bila kubisha.

"Mwanangu, hebu nionyeshe ulipofika."

"Nimefika mbali kidogo, mama."

"Nionyeshe ukuta wa stesheni."

Skana akakohoa. "Ule bado sijaumaliza."

"Nionyeshe ambao haujaisha."

Hakuwa na pa kukimbilia. Akabonyeza, na picha ikafunguka kwenye kompyuta. Bi Droo akasogeza kiti, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

Ukuta ule aliujua kuliko ukuta wa chumba chake cha kulala. Ulionyesha msururu wa wafanyakazi, nyundo na sululu mabegani, chini ya anga jekundu. Walikuwa wakielekea mkono wa kulia, na vyombo vyao vilikuwa kwenye mabega ya kushoto. Juu yao palichorwa saa kubwa isiyo na namba, mshale mfupi umeteremka kulia: saa kumi na moja jioni. Watu wanatoka kazini. Profesa wa historia ya sanaa alifundisha picha hiyo kila mwaka, mpaka wanafunzi wakamwita Profesa Jioni. Alikuwa na maelezo marefu kuhusu mabega hayo. Alisema bega la kulia limechoka kutwa nzima, ndiyo maana mzigo umehamia la kushoto, na kwamba huo ndio uchungu wa picha.

Kwenye kompyuta watu wote walielekea kushoto.

"Umewageuza," alisema Bi Droo.

"Nitaangalia, mama."

"Uangalie nini tena? Si unabonyeza tu wanageuka? Mimi si mtu wa kompyuta, lakini nimekuona ukigeuza picha kama chapati."

"Nitaangalia."

Alisema huku anatazama kibodi. Bi Droo akasubiri siku hiyo, akasubiri na iliyofuata. Kila akichungulia, watu walikuwa bado wanaelekea kushoto. Mtu aliyekosea husahihisha. Asiyesahihisha ana lake.

Ndipo akafungua droo yenyewe. Fremu za vioo hazikuwepo. Filamu zilikuwa zimevishwa fremu mpya za plastiki, nyeupe pe, na nukta zake nyekundu zimetoweka.

Nukta hizo zilikuwa sahihi yake. Kila slaidi iliyopita mikononi mwake ilipata nukta moja ya wino mwekundu kwenye pembe. Mpachikaji akiweka dole gumba juu ya nukta, anajua picha imesimama wima na uso wake sahihi uko mbele. Bila hiyo unaweza kuonyesha darasa zima picha iliyogeuka kama kwenye kioo na usijue. Wahadhiri walikuwa na shahada zao, lakini mbele ya projekta wote walitafuta nukta ya Bi Droo. Sasa fremu mpya zilikuwa na nukta nyingine, ya bluu, kwenye pembe nyingine.

"Fremu zangu ziko wapi?" akauliza.

"Nilizitupa, mama. Vioo vilishika ukungu."

"Umetupa wapi?"

"Kwenye taka."

Bi Droo akasubiri kijana aende kunawa mikono, akainamia pipa la taka kama mtu aliyedondosha hereni. Karatasi, pamba, maganda ya machungwa. Fremu hata moja hakuna.

Jioni hiyo alikuwa nyumbani anatafuta uzi wa kushonea kifungo. Akafungua kabati la Kitinda. Nyuma ya nguo, ndani ya taulo, mkono wake ukagusa kitu kigumu. Akafunua. Fremu zake. Zimepangwa vizuri, tupu, nukta nyekundu zinamtazama kama macho ya samaki.

Aliketi kitandani. Kumbe na mwanangu yumo!

Akayaunganisha mambo mwenyewe, na yakaungana vizuri mno. Mnunuzi anataka picha halisi. Kijana anaigeuza ile ya maktaba kwenye kompyuta ili ionekane mbovu, anatoa filamu kwenye fremu, anaziuza kwa mwenye suti. Plastiki zile nyeupe zimebeba nakala. Baada ya miaka miwili nani atajua? Fremu zenye nukta zinahifadhiwa ili mnunuzi aonyeshwe kwamba mali imetoka kweli kwa Bi Droo. Na binti yake ndiye ghala.

Kitinda aliporudi, mama yake alikuwa anakata vitunguu bila kutazama kisu.

"Mchumba wako anakuletea zawadi gani siku hizi?"

"Zawadi? Ananiletea uchovu tu, mama. Akija anasinzia kwenye kiti."

"Hakupi kitu umtunzie?"

Kitinda akageukia sinki, akafungulia maji. "Kitu gani?"

"Nauliza tu."

"Mama na wewe! Leo umeamkia upande gani?"

Wakacheka wote wawili, na kila mmoja akasikia kwamba mwenzake hacheki.

Asubuhi Bi Droo akaenda moja kwa moja kwa Mkuu wa maktaba. Njiani alijiambia mara nyingi kwamba ni afadhali binti alie sasa kuliko kulia akiwa na watoto mgongoni. Akasema yote: mlango, kadi, picha iliyogeuzwa, fremu zilizotoweka. La kabati hakulisema. Mtoto ni mtoto.

Mkuu alikuwa mtu wa mizaha, lakini safari hii hakutania. Akamwita Skana kwenye chumba cha picha. Kwa bahati mbaya Profesa Jioni naye alikuwa anapita kutafuta slaidi za somo lake, akasikia ukuta wa stesheni unatajwa, akaingia na mkoba wake na kuketi bila kukaribishwa.

"Kijana," Mkuu akaanza, "mwenzako wa chumba ana malalamiko. Kwanza kadi ya yule bwana."

"Nilikupa siku ileile, Mkuu. Uliitupa kwenye droo yako."

Mkuu akafikiri, akajikuna kidevu. "Kweli. Ipo. Haya, picha je? Umeigeuza?"

Skana akamtazama Bi Droo. Halikuwa jicho la hasira. Alimtazama kama mtu anayemwona mwenzake ukingoni mwa ngazi na anaogopa kupiga kelele asije akamshtua.

"Nilikosea," akasema. "Nitaigeuza tena."

"Picha moja ningekuelewa. Hii ni droo nzima. Na fremu?"

"Hilo nalo ni kosa langu."

"Ziko wapi?"

Profesa akagonga meza. "Bwana mdogo, unajua unachokichezea? Zile ndizo picha pekee!"

"Sikia," Mkuu akasema, sauti imeshuka. "Sipendi, lakini nipe funguo. Kazi yako hapa imeishia hapa."

Kijana akatia mkono mfukoni, akatoa funguo, akaziweka mezani. Vivi hivi, bila neno. Na ni hapo, wakati alipotakiwa kushusha pumzi, Bi Droo akapata shaka mpya, kubwa kuliko zote. Mwizi hujitetea. Mwizi huapa kwa marehemu wa ukoo wake wote. Huyu alikubali haraka mno, kama mtu anayefunika kitu kwa mwili wake.

"Umekosea nini?" akamuuliza. "Kitaje hicho ulichokosea."

"Mama, tuyaache."

"Usiniite mama hapa. Sema!"

"Sina la kusema."

Bi Droo akavuta droo, akachukua slaidi moja, akawasha meza ya taa. Plastiki ikafunguka kwa ukucha. Filamu ikabaki mikononi mwake ikiwa uchi, na aliona mara moja kwamba si nakala. Mkwaruzo wa zamani ulikuwepo, mwembamba, pembeni mwa anga, alikoujua. Lakini filamu yenyewe ilikuwa safi kuliko alivyowahi kuiona. Kuna mtu aliyeifuta ukungu taratibu kwa pamba na dawa, na dawa yenyewe ilinukia duka la miwani.

Pembeni kabisa, mahali ambapo siku zote palifunikwa na fremu, kulikuwa na herufi ndogo. Herufi za kiwandani, zile ambazo filamu huzaliwa nazo, na husomeka tu ikitazamwa kwa uso wake sahihi. Akailaza filamu alivyozoea, watu wakielekea kulia, akachukua kioo cha kukuzia, akainama.

Herufi zilikuwa kinyume. Kama maandishi kwenye kioo.

Akaigeuza filamu. Herufi zikanyooka, zikasomeka. Na wafanyakazi wote wakageuka pamoja nazo, wakaelekea kushoto, nyundo kwenye mabega ya kulia. Mshale wa saa ukateremka upande mwingine. Saa moja asubuhi.

Kisha ikamjia ile siku, siku ambayo hakuwa ameikumbuka miaka mingi. Alikuwa mgeni kazini. Filamu zililetwa kwenye mfuko uliolowa mvua, ukungu umezishika pande zote mbili hata herufi za pembeni hazikuonekana, wala haikujulikana upande upi unang'aa, ambao ndio mgongo wa filamu. Mpiga picha alikuwa mgonjwa, na hakupona. Stesheni ilishabomolewa, na yeye hakuwahi hata kuiona. Hakukuwa na wa kumuuliza, au alikuwepo na yeye aliona haya kuuliza. Akalitazama lile anga jekundu, akajiambia: watu wenye sululu chini ya anga jekundu, hawa wanatoka kazini. Akatia nukta. Filamu zilizofuata zilikuwa za mkanda uleule, akazitia nukta vilevile. Kubahatisha kulikuwa kwa asubuhi moja. Baada ya hapo ikawa sheria, na Profesa akajijengea jina juu yake.

"Kuna nini hapo?" Mkuu akauliza kutoka mlangoni, funguo mkononi.

"Hakuna kitu, Mkuu," Skana akajibu upesi. "Anaangalia tu."

Plastiki ilikuwa wazi mezani. Kuirudisha ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Profesa alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake, na kijana mwenyewe alikuwa anamwomba kwa macho airudishe. Bi Droo alifikiria jina lake kwenye korido zile, wahadhiri wakitafuta nukta na dole gumba, na sasa wakicheka. Akafikiria pia Kitinda, aliyekuwa ng'ambo ya barabara anamjaribishia mtu miwani, hajui kwamba mama yake amemfukuzia mchumba kazi.

"Hakukosea," akasema. Sauti ilitoka nyembamba, akaisukuma. "Mimi ndiye niliyewageuza. Tangu mwanzo. Njooni muone herufi."

Wakaja, mmoja mmoja, wakainamia kioo. Profesa alikaa pale muda mrefu kuliko wote. Aliponyanyuka, uso wake ulikuwa umesawijika.

"Na bega?" akauliza. "Bega la kushoto?"

"Ni la kulia, Profesa."

"Lakini limechoka..."

"Halijachoka. Ni asubuhi."

Mkuu alijikaza, alijikaza kweli, kisha akashindwa. "Miaka yote tumewarudisha watu nyumbani, kumbe ndiyo kwanza wanaripoti kazini!" Akacheka peke yake, akajishika, akarudisha funguo mezani mbele ya Skana. "Na wewe kwa nini hukusema? Ungeondoka hivihivi?"

Skana alikuwa anafuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Ningesema nini, Mkuu? Mama yake mchumba wangu. Niliposafisha filamu ya kwanza nikaona, nikajua ni droo nzima. Nikasema nitazibadilisha fremu kimyakimya, nukta zisionekane tena, yaishe. Kuzitupa fremu nikashindwa, amezitia nukta kwa mkono wake."

"Na mlango?" Bi Droo akauliza.

"Ulikuwa unaingia bila hodi, Bi Droo."

Bi Droo, siyo mama. Alilisikia neno hilo likitua, na alijua amelitafuta mwenyewe.

Mchana Kitinda alivuka barabara mikono mitupu. Hakuleta chakula cha mtu hata mmoja. Alikuwa ameshasikia, maana habari ya chuo huvuka barabara kabla ya watu. Alimkuta mama yake kwenye ngazi.

"Ulipekua kabati langu. Nilikuta taulo limekunjwa vingine."

"Nilipekua."

"Ungeniuliza, mama."

"Ungenijibu?"

Kitinda akahesabu moyoni. "Nisingekujibu. Lakini usingenifanya mwizi."

"Sikulisema la kabati kwa Mkuu."

"Kwa Mkuu hukusema. Moyoni ulisema." Akafuta jicho kwa mgongo wa mkono, kwa hasira. "Yule alikuwa anakuogopea wewe. Aliniambia, mama yako akijua ataumia, bora nionekane mzembe. Sasa hajui hata kama aje tena pale nyumbani."

"Mwambie aje."

"Mwambie wewe. Una mdomo."

Akavuka kurudi dukani, bila kugeuka nyuma.

Alasiri Mkuu alipitisha neno: droo zote zilizotiwa nukta na Bi Droo zikaguliwe upya, fremu kwa fremu, kabla hazijaingia kwenye kompyuta. Alilisema kwa upole, na upole ule ulichoma kuliko kelele. Bi Droo akavuta kiti akakaa upande wa pili wa meza ya taa, akavaa glavu ambazo siku zote alizidharau. Skana akamsogezea pamba na chupa ya dawa. Walifanya kazi kioo baada ya kioo. Slaidi ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili sawa. Hakufurahi. Kila nukta nyekundu aliyoiona sasa ilimtia wasiwasi, kama sura ya mtu aliyewahi kukudanganya mara moja.

"Jumapili tupo nyumbani," akasema hatimaye, macho kwenye pamba. "Ukipata nafasi."

"Nitaangalia."

Akakubali jibu hilo. Lilimtosha kwa leo.

Kijana akachukua slaidi iliyofuata, akaiweka juu ya mwanga. Mwanamke aliyechorwa ameegemea dirisha, mkono mmoja shavuni. Bi Droo alikuwa ameitoa picha hiyo kwa madarasa yasiyo na idadi.

"Huyu anatazama upande gani?" Skana akauliza.

Mdomo ulikuwa tayari kujibu. Akaufunga, akaitazama slaidi vizuri, anga la dirishani, mkono, ukungu kwenye kona.

"Sijui," akasema. "Ifungue."